Mume Niliyemkuta Amezikwa

Niliolewa na mwanamke. Naanza hapo kwa sababu nikianzia mahali pengine, msomaji atafika katikati aseme nimekosea kuandika. Sikukosea. Kwetu Wakipsigis, mwanamke mzee ambaye hakupata mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akaoa msichana. Watoto wa msichana huyo wanakuwa watoto wa nyumba ile, na wanaitwa kwa jina la mume wa yule mzee hata kama alikufa zamani. Hakuna jambo lingine ndani yake kama watu wa mbali wanavyodhani. Ni nyumba tu inayotafuta mtu wa kuwasha moto.

Mimi nilimwita Mama. Watoto walimwita kogo, yaani nyanya. Watu wa kituo cha kununua majani chai, wakitaka kunitania, walisema "bwana yako", na yeye akisikia aliwajibu vizuri kuliko mimi.

Nilisoma hadi darasa la saba, kwa hivyo mambo ya korti nitayaandika jinsi nilivyoyaelewa. Pengine mahali fulani nilielewa vibaya. Nitajaribu kumpa kila mtu haki yake.

Aliponioa nilikuwa nachuma majani chai kwenye shamba la kampuni, na nilikuwa nimezaa mtoto mmoja nyumbani kwa baba, huko Kimulot. Mama alikuja mara mbili akasimama kando ya safu akitazama mikono yangu. Uso hakuutazama. Baadaye aliniambia alikuwa ameshaamua kabla ya kikapu kujaa. Alipokuja kwa baba kuzungumza habari ya ng'ombe, msemaji wake alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mume wake. Tukafungana nyasi ya segutiet mkononi, kama bibi na bwana wengine wa siku hizo. Mchungaji wa kanisa letu alisema hiyo si ndoa, lakini hakutufukuza. Tuliketi benchi moja miaka yote.

Marehemu mwenyewe nilimkuta amezikwa, pale chini ya shamba, mahali ambapo sasa kuna majani ya Napia. Nilikata majani hayo kila jioni. Ni hayo tu niliyojua juu ya mume wangu, na kwamba alipenda maziwa yaliyolala sana, na kwamba alikuwa na mguu mmoja ulioingia ndani kidogo.

Tuliishi vizuri, sina la kuongeza. Nikazaa mtoto wa pili, wa kiume pia. Hakuna mtu aliyeuliza alitoka kwa nani, maana kwetu haiulizwi.

Halafu koo la Mama likaanza kufunga. Huku kwetu ugonjwa huo si mgeni. Kila kijiji kina mtu ambaye ugali umemshinda, halafu viazi, halafu uji. Hospitali walisema wanaweza kumwekea mpira wa kupitishia chakula. Akasema hajawahi kulishwa na mpira na hataanza sasa. Tukarudi nyumbani. Akabaki na mursik, yale maziwa yaliyolala, kidogo kidogo, kwa kijiko, na sauti yake ikawa ya kukwaruza kama mlango wa mabati.

Miaka ile ndiyo vitambulisho vya zamani vilikuwa vinabadilishwa, watu wakapanga foleni kwa chifu kuchukua vipya. Kitambulisho changu kilikuwa na jina la baba yangu wa Kimulot. Sikuwa nimekifikiria. Mama ndiye aliyekifikiria. Alikuwa amesikia habari ya mwanamke mmoja upande wa Chepseon aliyeolewa kama mimi. Mama mzee aliyemwoa alipokufa, ndugu walimwambia atoe kitambulisho. Wakasoma jina la baba yake, wakamwambia mgeni amekaa vya kutosha, na akarudishwa kwao na watoto.

"Nikifa watakuuliza wewe ni nani," Mama akaniambia. "Na hicho kipande kitasema wewe ni msichana wa Kimulot aliyekuja kuchuma majani."

"Watu wanajua, Mama."

"Watu wanajua mimi nikiwa hai."

Basi hilo ndilo jambo lenyewe. Kabla hajafa, jina la nyumba yake liwe kwenye kitambulisho changu, ili mimi na vijana wangu wawili tusitolewe shambani. Nakumbuka nilikubali kama mtu anayekubali kwenda kisimani. Tangu koo lake lilipofunga nilikuwa siogopi wala sifurahi. Nilifanya lililo mbele yangu.

Kwenye ofisi ya vitambulisho karani aliniuliza kama nimeolewa, nikasema ndiyo. Akauliza jina la bwana, nikamtajia marehemu.

"Lete cheti cha ndoa."

"Hatuna cheti. Ilikuwa ya kienyeji."

"Basi bwana aje mwenyewe na kitambulisho chake."

"Alikufa."

"Pole. Enda korti Kericho, wakuapishe, ulete karatasi." Akaita mtu mwingine. Hakuwa mbaya. Foleni ilikuwa ndefu.

Tukaenda Kericho, mimi na Mama. Nilimwomba abaki nyumbani lakini alisema mwenye ng'ombe ni yeye. Nje ya korti kulikuwa na watu waliokaa chini ya mabati na mashine za taipu, wakiandikia watu hati. Tuliyempata sisi alikuwa kijana mcheshi, mwenye koti lililompita mabega. Nikamweleza. Aliandika mwanzo haraka haraka, kisha akasimamisha vidole.

"Sasa mama, siku ya harusi bwana alikuwa wapi?"

Mama akainua mkono.

Kijana akamtazama, akanitazama mimi. "Kogo, wewe ndiye bwana?"

"Ndiye mimi," Mama akasema kwa ile sauti yake. "Na ng'ombe nilileta wote siku moja. Si kama nyinyi, mnaleta mmoja halafu mnajificha."

Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, hata yeye akacheka. Mwenzake wa mashine ya pili akamwambia, "Hapo umepatikana, maana mkwe wako bado anakungojea." Halafu wakasemezana kidogo, na yule mwenzake, ambaye alikuwa mtu wa kwetu, akamwambia ni rahisi: aandike kwamba mimi ni mke wa marehemu fulani, kwa mila ya Kikipsigis. Ndivyo ilivyo, alisema. Nyumba ni ya nani? Ya marehemu. Basi mke ni wa nani? Ikaandikwa hivyo. Nilisomewa, nikaona ni kweli, nikaingia ndani na karatasi yangu.

Ofisa wa kuapisha alikuwa mtu mzima mwenye miwani, na pembeni yake mkalimani wa korti, kwa ajili ya Mama, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Biblia ilikuwa mezani, imefungwa kwa karatasi ya nailoni. Nikaiwekea mkono. Alisoma hati polepole, akaniuliza, "Marehemu alikufa lini?"

Sikujua mwaka. Mama akajibu kwamba alikufa mwaka ule wakulima wadogo wa kwetu walipopewa miche ya kwanza ya chai. Mkalimani akaupata mwaka wenyewe, akautaja.

"Na wewe mama, ulizaliwa lini?"

Nikamwambia.

Akaweka kalamu chini. "Kwa hivyo uliolewa ukiwa unanyonya."

"Hakuwa ananyonya," Mama akasema baada ya kutafsiriwa. "Alikuwa mkubwa na mtoto mmoja. Nilimwona kwa macho yangu."

"Na bwana?"

"Alikuwa kwenye kaburi. Mimi nilisimama mahali pake."

Mkalimani aliyatafsiri maneno hayo bila kucheka, na mimi namshukuru kwa hilo. Ofisa alivua miwani. Ni haki niseme kwamba alituzungumzia kwa heshima. Alisema, "Mimi sikatai mila yenu. Lakini hapa pameandikwa kwamba huyu mama aliolewa na mtu huyu. Nikimwapisha juu ya hii, siku mtu akileta tarehe ya kifo, itaonekana ameapa uongo. Atakayefungwa ni yeye, si mimi."

Nikaondoa mkono kwenye Biblia. Tangu hapo nimejiuliza mara nyingi kama ningekuwa nimesema uongo. Kwa mila nilikuwa mke wa yule mtu, hakuna anayebisha. Kwa hesabu ya miaka haikuwezekana. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa juu ya kile kitabu. Sijui kama huo ni ushahidi wa kitu.

Ofisa akatuonyesha njia nyingine. Alisema sheria inamruhusu mtu mzima kuacha jina lake na kushika lingine, bila kueleza sababu. Wakili anaandika hati, mwenyewe anaweka sahihi, inaandikishwa, inatangazwa kwenye gazeti la serikali, basi. "Hata ukitaka kuitwa kwa jina la ule mti pale nje, ni wewe tu." Kinachotakiwa ni Mkenya mmoja ambaye amenijua miaka mingi, aape kwamba mimi ndiye mimi.

Tulipotoka Mama aliniuliza mtu yule alimaliza kwa kusema nini, maana mwishoni mkalimani alikuwa ameitwa chumba kingine.

"Amesema naweza kuchukua jina bila kutaja kwamba ulinioa."

Alitembea hadi kwenye ukuta wa nje, akakaa juu ya mawe. "Basi ni kama kuliokota," akasema.

Nilimpa maziwa kutoka kwenye chupa, na sehemu yake ikarudi kupitia puani, nikampangusa.

Mtu aliyenijua miaka mingi, tulifikiri kwanza ni yule shemeji wa Mama. Shamba lake limepakana na letu, katikati kuna ua wa miti tu. Majirani walisema anangoja Mama afe ili aondoe ua. Mimi sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Alikuwa mtu mkali wa maneno, lakini ng'ombe wetu akivuka kwake alimrudisha mwenyewe, tena baada ya kumnywesha maji.

Nilimkuta kwenye kitalu chake, akijaza udongo kwenye mifuko ya miche. Nikakaa chini, nikaanza kujaza nami, kwa sababu si vizuri kumwomba mtu kitu ukiwa umesimama.

"Mzee," nikasema, "nimetumwa na Mama."

"Anakula?"

"Maziwa tu."

Nikamweleza habari ya Kericho, yote, pamoja na ile hati iliyokataliwa. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikata.

"Siku ile ya ng'ombe kwa baba yako," akasema, "ni nani alizungumza?"

"Ni wewe."

"Na nilisema nini?"

"Ulisema kaka yako amekuja kuomba mke."

"Sikusema huyu mama amekuja. Nilisema kaka yangu amekuja. Na baba yako akamkaribisha kaka yangu." Aligonga mfuko chini ili udongo ukae. "Twende Kericho hata sasa. Nitaapa kwamba kaka yangu alikuoa. Wakitaka wanifunge, nitakula ugali wao."

"Hiyo wamekataa, mzee. Wanataka ile nyingine."

"Ile ya kusema umependa jina."

"Ndiyo."

"Hiyo siwezi. Usione vibaya. Leo umependa wewe, sawa, wewe nakujua. Kesho mtu wa mji ambaye hatumjui ataipenda pia hii jina ya kaka yangu, aje na karatasi, aseme yeye ni wa hapa. Nitamwambia nini, na mimi ndiye nilifundisha korti kwamba jina ni kitu ya kupendwa tu?"

Nilijaza mifuko mingine miwili mitatu nikitafuta kosa kwenye maneno hayo. Sikuliona. Mpaka leo silioni vizuri. Watu walioniambia baadaye kwamba alikuwa anaficha tamaa ya shamba, pengine wana macho kunizidi. Mimi naandika alichosema.

Kwa hivyo korti haikutaka sababu, na shemeji hakutaka jina lisilo na sababu. Nikarudi nyumbani nikamwambia Mama, naye akageukia ukutani. Nilidhani amelala, lakini baada ya muda akasema, "Amesema sawa, huyo mjinga."

"Tuache basi?"

"Mimi nikiacha, wewe utalala wapi?"

Nilienda Kimulot kumwambia mama yangu mzazi, kwa maana jina nililotaka kuliacha lilikuwa la baba, na baba alikuwa ameshakufa. Niliona si vizuri asikie kutoka kwa watu. Alikuwa anapepeta maharagwe.

"Kwa hivyo wewe si wetu tena," akasema.

"Mama, nyinyi mlikula ng'ombe."

Akacheka mpaka maharagwe mengine yakamwagika. "Tulikula kweli. Mmoja alikuwa mzee hivi, meno hana." Halafu akaacha kucheka akaendelea kupepeta, na nilipoaga alinishika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake. Nilingoja nihisi kitu. Nilikuwa nafikiria kama nitafika kabla ya mvua.

Mtu aliyekubali kuapa alikuwa mwanamke wa kutoka upande wa ziwani. Yeye na mume wake walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha chai pale Mogogosiek, naye siku ya soko aliuza omena, wale samaki wadogo wa kukaushwa. Tulikuwa tumejuana tangu nikichuma kwenye kampuni, chumba chake na changu vikiwa mlango kwa mlango kwenye laini za wafanyakazi. Wakati wa fujo za makabila walikuwa wameondoka na vitu walivyoweza kubeba, halafu wakarudi kazini. Mambo hayo hatukuwa tunayazungumza. Tulizungumza bei ya omena.

Nilipomweleza, alishangaa kwa nini korti inashangaa.

"Dada yangu, kwetu mtu akifa, ndugu yake anaingia kwa hiyo nyumba. Mtoto akizaliwa anaitwa wa marehemu. Mimi mwenyewe baba yangu kwa jina, alizikwa miaka mitatu kabla nizaliwe. Na nimepita shule na hilo jina, nimeandikwa kazi na hilo jina. Hakuna mwalimu aliniuliza hesabu."

"Lakini hawataki useme hayo. Wanataka useme unanijua tu, na mimi nimependa jina."

"Nitasema nakujua. Kupenda ni yako."

Kabla ya kwenda nilimweleza shemeji kwamba nimepata mtu mwingine. Sikutaka aje kusikia kwamba tulimzunguka. Alisema, "Haya," akaendelea na miche yake.

Kwa wakili, pale Kericho, mwanamke wa omena alipoulizwa amenijua miaka mingapi, alihesabu kwa vidole, akataja, kisha akasema, "Ngoja. Toa ile miezi nilikuwa nimekimbia." Wakili alikuwa ameshaandika. Akamwambia miezi haina shida. "Ina shida kwangu, ninaapa," akasema. Ikabidi hati ile iandikwe upya, na sisi tukangoja kwenye viti, yeye na kapu lake la omena miguuni, ofisi yote ikinuka samaki.

Halafu wakili akanisomea hati yangu kwa Kiingereza, akanieleza kwa Kiswahili. Ilisema kwamba naliacha kabisa jina langu la zamani, nalikana, nalitupa, na kwamba tangu siku hiyo, katika maandishi yote na mambo yote, nitajulikana kwa jina jipya. Kulikana na kulitupa, nilimuuliza, ni lazima yote mawili? Akasema ndivyo zinavyoandikwa zote, hata za watu wanaoongeza jina la ubatizo. Unaweka sahihi mara mbili. Kwanza kwa jina la zamani, kisha chini yake kwa jina jipya. Unamwandika mtu anayeondoka, halafu anayeingia, na mkono ni ule ule. Sahihi ya kwanza niliiandika haraka kama siku zote. Ya pili niliandika herufi moja moja kama mtoto wa nasari, na mstari ulipanda juu.

Tulipotoka mwenzangu aliniuliza, "Sasa unajisikiaje, mama mpya?"

"Nina njaa," nikasema. Ilikuwa kweli. Tulikula chapati na chai kwenye hoteli ya karibu na stendi, akanisimulia habari ya mashine moja kiwandani iliyomshika mtu shati. Nilikuwa nasikiliza, na hata nilicheka.

Kitambulisho kilichelewa, lakini kilifika Mama akiwa bado hai. Alikuwa hasimami tena. Nilimpa mkononi. Hakujua kusoma, kwa hivyo alipitisha kidole juu yake akauliza jina liko wapi. Nikamwekea kidole hapo. Akapima kwa kucha kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Ni fupi," akasema. "Nilifikiri litakuwa refu zaidi."

Hilo ndilo neno la mwisho nakumbuka lililosikika vizuri. Baada ya hapo alikuwa anasogeza midomo tu, na mimi nilikuwa nikikisia. Huenda nilikisia vibaya mara nyingi. Alikufa wiki ambayo majani yalikuwa mengi na gari la kiwanda lilikuwa likipita mara mbili. Nakumbuka watu walikuja kumwona wakiwa bado na vikapu mgongoni. Wakavipanga nje kwenye nyasi. Nilisimama nikatazama vile vikapu, nikawa nafikiria kwamba majani yakikaa hivyo yatapata joto na karani wa kituo atayakataa. Nilijua si wakati wa kufikiria hivyo, na niliendelea kufikiria.

Tukamzika kando ya mume wake. Nasema mume wake. Pengine niseme mume wetu, sijui.

Baada ya siku za msiba ukoo ukakaa uwanjani kwetu, na chifu msaidizi akaja, maana mambo ya shamba siku hizi hayaamuliwi bila serikali kuwapo. Wazee walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, mimi nikawekwa kwenye kigoda katikati, na vijana wangu nyuma yangu. Binti za Mama, wale walioolewa mbali, walikuwapo pia. Mmoja wao alinishika bega alipopita.

Chifu msaidizi akasema jambo la kwanza ni kujua anayebaki hapa ni nani, na akaomba kitambulisho. Nikakitoa kwenye leso. Alikisoma kwa sauti, pamoja na jina la marehemu mwishoni, akaandika kwenye karatasi yake, akasema kwa upande wake hakuna tatizo.

Shemeji akanyoosha mkono apewe kitambulisho. Alikiweka mbali na macho, kisha karibu. Mzee mmoja akakohoa makusudi.

"Hii ni jina ya kaka yangu," shemeji akasema. "Ni nani alikupa?"

Nilijua kuna majibu mawili. Chifu msaidizi alikuwa hapo, na kwake jibu lilikuwa korti. Kama ningesema korti ningekuwa nimesema kweli, hati ilikuwa ndani ya nyumba, ina mihuri. Sikuwa nimepanga neno. Nilikuwa mtupu, kichwani hamna kitu, na nafikiri ndiyo maana niliongea tu.

"Korti ilikubali," nikasema. "Aliyenipa ni kaka yako, na ni wewe uliyemsemea."

Hakutabasamu. Alimgeukia chifu msaidizi. "Andika kwamba huyu alitolewa ng'ombe."

"Mzee, hiyo haihitajiki. Kitambulisho kinatosha."

"Wewe kinakutosha. Andika."

Chifu msaidizi akaandika. Shemeji akanirudishia kitambulisho, si kwa kunirushia, aliinuka akanipa mkononi, akasema, "Kaa kwako." Wazee wakaitikia kwa pamoja, mara moja, kama wanavyoitikia, na wakahamia kwenye habari ya ndama mmoja ambaye binti mkubwa alisema aliahidiwa.

Hivyo ndivyo tulivyobaki. Watu wameniuliza ni karatasi iliyotuokoa au ni neno la shemeji. Mwanamke wa omena anasema ni karatasi, kwa sababu bila karatasi chifu msaidizi asingemaliza upande wake upesi vile. Mama yangu wa Kimulot anasema ni ng'ombe. Nimejaribu kulipima jambo hili pande zote na sijapata jibu, na shemeji mwenyewe sikumuuliza.

Siku ile pale kwenye kigoda nilingoja furaha ije, au machozi, kwa sababu kwenye mazishi sikulia na watu waliona. Havikuja. Nilisikia wazee wakibishana juu ya ndama, nikaona wageni hawajapewa chai. Nikaondoka kwenda jikoni. Binti mdogo wa Mama alikuwa ameshaweka sufuria, akaniuliza majani tunaweka wapi siku hizi. Nikamwonyesha.